Posho ya Marehemu

Walimwacha bibi wa mwisho. Wenzake wote wa mpango wa ruzuku ya kaya maskini walioitwa asubuhi ile ofisi ya kijiji walishahakikiwa, wakaweka dole gumba na kwenda zao. Yeye bado alikuwa kwenye benchi, ameishika simu yake ndogo kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake. Mwezeshaji, kijana wa kutoka mjini, alikuwa amemwambia tu, "Bibi, wewe subiri kidogo. Lako lina shida."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi ndiye mjukuu ninayeishi naye, na neno "shida" likitoka kinywani mwa mtu wa ofisi naanza kutafuta kosa langu kabla sijajua ni shida gani. Niko hivyo tangu mdogo. Shuleni nilikuwa nafuta jibu sahihi mpaka karatasi inatoboka, kwa hofu tu kwamba huenda si sahihi vya kutosha. Kidato cha pili niliachia njiani, ada ilipokosekana. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi akingoja siku atakayogunduliwa.

"Kaya yenu ilikuwa inaongezewa posho kwa ajili ya babu, kwa kuwa alikuwa haoni," mwezeshaji alisema. "Babu amefariki lini?"

"Korosho zilikuwa zimeshavunwa," bibi akajibu.

"Za mwaka jana?"

"Za mwaka juzi, mwanangu."

"Basi tangu hapo mmeendelea kupokea ya kwake. Inatakiwa irudi, yote. Isiporudi, kaya inatolewa kwenye mpango."

Nje, wanawake wawili waliokuwa wakimngoja bibi waongozane walikuwa wamesimama dirishani. Mmoja, jirani yetu na mtani wake wa siku zote, akacheka. "Kumbe marehemu bado anakula! Mwenzangu, na mimi wangu mniandikishie!"

Siku nyingine bibi angemrudishia maneno mpaka yule mwanamke akimbie. Siku ile alitazama simu tu.

Ruzuku ile ilikuwa inaingia kwenye simu kwa mkupuo. Haikuja imegawanywa, kwamba hii ya chakula, hii ya watoto wa shangazi wanaosoma, hii ya macho ya babu. Bibi alipokuwa kwenye eda, hatoki nje, mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwa wakala kutoa. Nilikuwa nahesabu mara mbili, namkabidhi yote, sikati hata ya maandazi. Lakini pale mlangoni nilianza kuzihesabu upya kichwani, kama mwizi anayejitetea.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa palepale, kwenye kona, anachokonoa meno. Sijui nguvu niliitoa wapi.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, binti."

"Babu alipokufa, si wewe uliyeshuka kaburini kumpokea?"

"Nilishuka."

"Na mtendaji wa kijiji si alikuwepo?"

"Alikuwepo. Hata udongo alitia."

"Sasa serikali ya kijiji ilikuwa haijui kwamba amekufa?"

Akakitoa kijiti cha meno mdomoni. "Binti, mimi nilishuka kama jirani. Taarifa ni kitu kingine. Taarifa inaletwa ofisini."

Alisema kwa upole kabisa. Hicho ndicho ninachoshindwa kumsamehe, ule upole. Mtu aliyeishika miguu ya babu yangu, akamlaza ubavu wa kulia, akala pilau ya hitma uani kwetu, ananieleza kwamba kiofisi babu alikuwa mzima, kwa sababu hakuna aliyetembea hatua chache kwenda kumwambia jambo alilolifanya kwa mikono yake.

Na nani angekwenda? Kwetu mtu akifa hakuna anayekwenda kuandikisha. Anatangazwa msikitini, watu wanaacha majembe, viongozi wanakaa mkeka wa mbele. Sisi tuliona tumeshatoa taarifa kubwa kuliko zote. Mjane ndiye aliyetakiwa kwenda, mwezeshaji alisema, kwa kuwa jina lake ndilo la mpokeaji. Mjane alikuwa ndani, amevaa nyeupe, hata kisimani haendi. Hilo nalo mwenyekiti alilijua. Mke wake ndiye aliyekuwa anatuchotea maji.

Kuna jambo moja liliniuma zaidi. Pale makaburini, kabla watu hawajatawanyika, mjomba alisimama akatangaza kama inavyotangazwa siku zote: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayeweza kusamehe asamehe. Fundi baiskeli akasema alikuwa anadai ya tairi, ameisamehe. Muuza duka akasema yake atakuja nyumbani, akaja, akalipwa. Mtendaji alikuwa amesimama pale, kofia kifuani. Hakusema kitu. Sasa ofisi yake imeleta deni lililoanza siku ileile.

Nikaamua kuandika barua. Nilijua kwamba tuna haki, na kwa mtu wa aina yangu kujua ni ugonjwa. Nilisoma kwenye simu kila nilichokipata kuhusu malalamiko, rufaa, na namna ya kumwandikia mkubwa wa serikali. Niliandika, nikachana, nikaandika tena. Neno "kinyume" nililitazama mpaka likapoteza maana. Bibi alipika, akafua, akapalilia, akarudi, akanikuta palepale ukumbini nimeinama.

"Mke mwenzangu," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa mume wake ni babu yangu, na mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi. "Hiyo barua unampikia nani? Maana naona unaionja tu."

"Ikae sawa, bibi. Wakikuta kosa moja wataanzia hapo."

"Hao hawasomi makosa. Hao wanasoma jumla."

Niliipeleka mwenyewe ofisi ya mpango mjini, nimeitia kwenye bahasha ya kaki. Ofisa aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, na aliisoma yote, hilo sitamnyima. Alirudia hata kile kipande cha makaburini. Kisha akaniuliza, "Umeandika wewe? Umesoma chuo gani?"

Naona aibu kukiri kilichotokea ndani yangu. Nilifurahi. Kwa muda mfupi nilimsahau bibi kabisa, nikangoja nisifiwe tena.

"Sijasoma chuo," nikasema.

"Hongera. Sasa, mdogo wangu, utaratibu ni kwamba fedha inarejeshwa kwanza, malalamiko yanafuata. Au ukitaka tuipandishe juu hii barua, kaya inasimamishwa mpaka jibu lije."

"Jibu linachukua muda gani?"

"Siwezi kukudanganya."

Nilirudi na karatasi aliyonipa, yenye kiasi na maelezo ya malipo. Nilikuwa nimepanga njiani yote: tukubali kusimamishwa, tungoje, tushinde. Nikamsomea bibi nikiwa bado sijavua viatu. Alinisikiliza, halafu akaniuliza swali moja.

"Hapo juu wameandika jina la nani?"

Nikatazama. Walikuwa wameandika marejesho ya posho ya marehemu, na jina la babu lote, mpaka la baba yake.

"La babu. Lakini bibi, hilo ni la kuonyesha tu. Deni si lake. Wala si lako wewe. Wamekosea wao."

"Wameandika anadaiwa?"

"Wameandika, lakini..."

"Basi anadaiwa."

Nilibishana naye. Nilimwambia mambo yote niliyoyaandika, na mengine ambayo sikuwa nimeyaandika. Nilimwambia kwamba Mungu anajua makosa ya ofisi ni ya ofisi. Nilipandisha sauti, na mimi si mtu wa kupandisha sauti kwake. Alingoja nimalize, kisha akasema maneno mawili matatu ya Kimatumbi, lugha anayoirudia akichoka kuelezwa. Halafu akageuza kwa Kiswahili ili nisijifanye sikusikia.

"Wewe unabishana na watu wa mjini, na utawashinda, una akili. Lakini mume wetu yuko kule, na karatasi ina jina lake. Mimi nikimfuata kesho ataniuliza: mlikuwa mnashindania nini, na mimi nimezuiliwa kwa deni mlangoni mwa pepo?"

Nikavua viatu.

Mikorosho yetu ilikuwa kwenye maua. Bibi hakuniambia. Nilirudi kutoka kusaga nikamkuta mnunuzi wa kangomba amekaa uani, mmoja wa wale wanaonunua korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kumnunulia mtu shida yake. Alikuwa ameshalizunguka shamba, anakunywa maji, anamwita bibi mama.

"Mama, mvua ikiharibu maua, hasara yangu," alisema, kama anayetufanyia sadaka.

"Na yasipoharibika?" nikamuuliza.

"Yasipoharibika, dada, Mungu amenijalia." Akacheka. Bibi naye akacheka.

Fedha tulikwenda kulipa pamoja. Bibi alivaa khanga yake mpya, kama anayekwenda arusini. Aliposhika risiti alitaka nimsomee tena jina, nikamsomea, akaikunja, akaitia kifuani. Njia nzima alikuwa mwepesi, anawasalimu hata watoto. Jirani yule wa dirishani alimwuliza, "Vipi, wako ameacha kula?" Bibi akamjibu, "Ameshashiba. Wako je, aliyekufa na njaa?" Wakashikana mikono kwa kucheka.

Mimi sikucheka. Najua ningepaswa kufurahi kwamba yeye amefarijika, nami ninayemwogopea kila siku ningekuwa wa kwanza. Lakini nilikuwa namkasirikia. Ofisi haikuwahi kuandika kwamba ilikosea, na haitaandika, kwa sababu aliyedaiwa amelipa, na aliyelipa machoni pao alikuwa anadaiwa kweli. Nilimweleza hivyo siku moja. Akasema, "Sawa," akaendelea kuchambua mboga.

Maua hayakuharibika. Mwaka ule mikorosho ilizaa mpaka matawi yakagusa chini. Mnunuzi alileta waokotaji wake, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu, nami nikaomba kibarua. Niliokota korosho za mikorosho aliyoipanda babu kabla macho hayajafa, nazikongoa kwenye mabibo, yale matunda yake, nazitupia kwenye ndoo ya mtu. Mabibo tuliachiwa, tule tukitaka.

Msimamizi wake, kijana wa rika langu, alipita nyuma yangu akasema, "Dada, usije ukatia nyingine mfukoni."

Alikuwa anatania, kila mtu aliliona hilo. Mimi niliweka ndoo chini, nikaigeuza mifuko ya gauni langu nje, wa kulia na wa kushoto, nikasimama hivyo mpaka aliposema inatosha.