Benchi Mbele ya Chumba cha Vijana

Serikali ilipoamua kwamba sisi vijana tupate chumba chetu cha ushauri na kupimwa pale zahanati, ilileta karibu kila kitu. Rangi ya kijani ilipakwa, meza ikaletwa, mlangoni pakaandikwa VIJANA kwa herufi kubwa, na nesi mmoja msichana akapelekwa semina. Ilikuwa miaka michache baada ya mkoa wa Manyara kuanzishwa, wakati bado tulikuwa tukisahau na kuandika Arusha kwenye bahasha. Kijijini kwetu, huku juu Mbulu, simu zilishika mtandao penye kichuguu kimoja tu, na watu walipanga foleni kukipanda. Nakumbuka hayo yote kwa mapenzi, hata baridi yake.

Kitu ambacho wakubwa hawakukifikiria ni benchi. Ili kuufikia mlango wa vijana ilibidi upite mbele ya benchi la wagonjwa, na hapo wazee walikaa asubuhi nzima wakiota jua, wenye homa na wasio na homa. Kwetu hupiti mbele ya mzee bila shikamoo, na salamu haiishii kwenye marahaba. Unaulizwa baba, unaulizwa mama, ng'ombe, mahindi yamefikia wapi, kisha linakuja swali lenyewe: "Umefuata nini huku?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka uliotangulia, mama yangu mdogo, aliyekuwa ameolewa upande wa Balangdalalu, alirudi kwetu akiwa mjane na mgonjwa. Mama alimuuguza miezi mingi mpaka akafia mikononi mwake. Ugonjwa haukutajwa jina. Nyumba yetu ilikuwa na wembe mmoja, umechomekwa kwenye mbao ya mlango, na wote tulikatia kucha wembe huo, marehemu akiwamo. Mimi nilishajikata nao zaidi ya mara moja. Tangu tulipofundishwa shuleni habari za virusi na nyembe, kila nikikohoa moyo ulinilipuka. Nilitaka nipimwe, nijue moja.

Basi nikaenda. Wazee walikuwa watano. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikajibu habari za ng'ombe wote, na swali lilipofika nikasema haraka, "Mama anaumwa, nimefuata dawa." Nikaomba panadol dirishani nikarudi nyumbani, chumba cha vijana sijakigusa. Nilijiona mjanja.

Ujanja gani! Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kabla ya saa nane mchana majirani watatu walikuwa uani, wamebeba maziwa kwenye kibuyu, na mgonjwa wao yuko shambani anapalilia maharage huku akiimba. Nilikimbia nikamwambia, "Mama, wamekuja kukuona. Nilisema unaumwa." Akanitazama, akaitazama panadol mkononi mwangu. Kisha akaegemeza jembe, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma na kujifunika blanketi. Alipowakaribisha wageni sauti ilikuwa imeshakwisha. Akaguna vizuri kabisa, akanywa maziwa yao, akapokea pole zao. Leo ana wajukuu sita na mgongo unaouma kwelikweli, na akiguna huwa siamini moja kwa moja.

Wageni walipoondoka aliniuliza kitu kimoja tu: "Zahanati ulifuata nini?"

Nikamweleza kila kitu huku nikilia. Aliendelea kukunja blanketi, hakunitazama.

"Jumatano nitakuwa bado naumwa," akasema. "Utanisindikiza."

Siku hizi mimi hualikwa kwenye vikao vya wilaya vinavyopanga afya ya vijana. Wakileta mchoro wa jengo, huuliza wazee watakaa wapi. Wenzangu hucheka, wanadhani natania, nami hukasirika na kuuliza tena.

Jumatano tuliteremka, mama akijikongoja na fimbo. Binti anayemsindikiza mama yake mgonjwa haulizwi kitu. Aliketi katikati ya benchi akaanza kusimulia mgongo wake, wazee wote wakamgeukia kumpa ushauri, nami nikawapita hawajaniona, nikaingia.

Nesi alinitoboa kidole, akaniambia nisubiri. Nilisoma bango la ukutani neno kwa neno na sikuelewa hata moja. Majibu yakatoka: sikuwa nao ugonjwa ule. Nililia tena, yule dada akanipa pamba nijifute, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine.

Tulitembea mpaka kwenye mikaratusi, mahali ambapo benchi halionekani, ndipo nikamwambia. Mama akasema, "Mungu ashukuriwe." Halafu akasimama. Hakuwa akiigiza tena.

"Na mimi je?" akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha vidonda. Wembe huo na mimi nimeutumia. Mwaka mzima nalala na jambo hili."

Sikuwa nimefikiria. Sijitetei: mwaka mzima niliogopa kwa ajili yangu peke yangu, na aliyemuuguza mgonjwa nilikuwa nakula naye kila siku.

Tukarudi. Wazee wakauliza kulikoni, nikasema sasa ni mimi, tumbo linanisokota, nikaketi mwisho wa benchi karibu na mlango, mama akaingia kunisemea kwa nesi. Walinipa pole kisha wakarudia ubishi wao wa bei ya mahindi. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, nikamsikia nesi akizungumza taratibu, kwa adabu.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa tumeambiwa tupokee vijana tu, mwisho miaka ishirini na minne. Watu wazima tunawaelekeza hospitali, mjini."

Mjini asingeenda, nilijua, na nadhani nesi naye alijua.

"Basi, mwanangu," mama akasema, "niandike ishirini na minne."

Nikasikia kiti kikivutwa, na kalamu ikiandika.