Mipapai Sita ya Mama Mkwe

Cheka tu, lakini ngoja nimalize, maana hadi leo nikipita Karungu nashusha kofia mpaka puani.

Mimi nauza miche hapa Rongo, na mchumba wangu Akinyi anafundisha bayolojia. Nilipotaka kumpandia mamake mipapai kwake Karungu, akaniambia, "Weka miche mitatu kila shimo. Dume ama jike iliamuliwa na jeni tangu kwa mbegu, hutaiona kwa macho. Ngoja maua, ndio ung'oe madume." Mimi huyo, mjuaji wa sokoni (sijui nani aliniroga), nikamjibu, "Mzizi ukigawanyika ni jike, ukinyooka ni dume. Hii kazi utanifunza?" Nikachagua sita yenye mizizi iliyogawanyika, mmoja kila shimo, mingine nikatupa, na nikamwapia mama mkwe kwamba atauza mapapai mpaka achoke.

Basi ikafika siku ya ayie, ile siku ya kwenda na watu wako kumwomba mama akubali binti aolewe. Nimevaa suti. Naingia bomani, na nini kinanisalimu? Mipapai sita, minene, imening'iniza maua kwa vikonyo virefu kama shanga. Madume, yote! Tunda hata la dawa hakuna.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza mbele ya wageni, "hii yako inazaa lini?"

Yawa, si ningenyamaza tu! Lakini nikasema lazima ishtuliwe kwa msumari ndio izae (hiyo nayo niliisikia sokoni), nikaletewa nyundo, Akinyi ananikodolea macho niache, nami nikauegemea mmoja kwa bega ili nigonge vizuri, nikasahau shina la mpapai ni tupu ndani. Likakatika! Mti na mimi na suti yangu tukaangukia meza ya chakula, samaki ngege wa kukaanga wakaruka, sufuria ya mchuzi ikamwagikia miguu ya mjomba wa Akinyi.

Nikajua mke nimepoteza, na nilikuwa nampenda, jamani.

Mjomba akajipangusa pole pole, akaitazama ile mitano iliyobaki. "Binti tutampa," akasema. Nikapumua. "Lakini ng'ombe wa mahari achague mtu mwingine. Huyu atatuletea madume matupu."

Boma zima likaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Akinyi. Wiki ijayo tunaenda kununua hao ng'ombe, yeye ndiye atachagua, na mimi kazi yangu ni kushika kamba na kufunga mdomo.