Stima Chini ya Uwanja

Mimi stima nilianza kwa kuiogopa, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha. Kabla sijaolewa, binamu yangu aliyekuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani alishika waya uliolala majanini baada ya mvua. Aliletwa kwetu Tiwi mzima wa mwili, hana jeraha wala tone la damu, ila roho haimo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nikiona waya wa kuanikia nguo nilikuwa nazunguka.

Sasa fikiria mume wangu alipokuja kuniambia amepata kazi ya kutia stima ardhini.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mombasa ilikuwa inakua na kiu yake inakua nayo, na ikasemekana kwamba chini ya Tiwi yamelala maji matamu mengi. Serikali ikamleta mtaalamu, Mzungu mmoja mrefu mwenye masikio mekundu, ayatafute bila kuchimba. Mume wangu alinieleza kazi yenyewe tukila, na tonge likamkaa mkononi kwa kusema. Unapigilia chuma ardhini hapa, na kingine mbali kule. Unaunganisha waya na betri, unapeleka stima ndani kwa chuma hiki, inatokea kwa kile. Kadiri vyuma vinavyoachana, ndivyo stima inavyokwenda chini zaidi. Jiwe kavu huikatalia njia. Maji matamu huipitisha shingo upande. Maji ya chumvi huipitisha mbio. Mtaalamu anasoma mashine yake, anajua kilichoko chini asikowahi kufika mtu.

"Na chini kabisa kuna nini?" nikamuuliza.

"Chumvi. Maji ya bahari yameingia chini ya maji matamu, yamelala. Ukichimba vibaya unayaamsha."

Hilo nililiamini, maana kisima cha jirani yetu kilikuwa kimeshaamka, na chai ya kwao ulikuwa unainywa kama mchuzi. Lakini usingizi ulinipaa. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na nikawa nahisi kila nikikanyaga, kuna kitu chini kinanisikiliza.

Nikajifungua mtoto wa kike, nyumbani, mikononi mwa mkunga na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu. Nikawekwa ndani kutimiza arobaini. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka siku arobaini ziishe, na hasa hamtoi mtoto, kwani wote wawili wako wazi, lolote linaweza kuwaingia. Mtoto alilala na kisu chini ya mto. Na lile kondo la nyuma, lililotoka pamoja naye, mavyaa wangu alilizika uwanjani. Kwa mavyaa wangu hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Alishika kwamba kondo ni pacha wa mtoto: likifukuliwa, likiliwa na mbwa, likifikiwa na mwenye husuda, mtoto haponi. Mahali penyewe hapajui mwanamume yeyote, na mzazi mwenyewe huonyeshwa siku anapotoka arobaini. Lakini mimi sikuwa kiziwi. Jioni ile ya kujifungua, nikiwa nimelala hoi, nilisikia jembe likilima nyuma ya jiko. Nikajua, ni pale.

Siku ya mkasa wenyewe, mavyaa wangu aliitwa maziko Matuga. Mzazi haachwi peke yake, lakini maiti nayo haingoji. Akanifungia mlango, akaniambia, "Mwanangu, usimfungulie mtu. Narudi kabla ya alasiri." Nikabaki na mtoto wangu na giza la chumba.

Kabla ya adhuhuri nikasikia sauti za watu na waya ukiburuzwa. Nikasikia sauti ya mume wangu, akiwaambia wenziwe kwamba mstari wa vyuma umeangukia nyumbani kwake, na kwamba yeye anajua pa kutia chuma: nyuma ya jiko, udongo una maji. Alikuwa akisifiwa na mtaalamu kwa hilo, kwamba ana mkono wa kuchagua mahali. Halafu nikasikia nyundo.

Kila pigo liliniingia kifuani. Moja, na mtoto akashtuka usingizini. Jingine, akakunja uso. Sikufikiri tena. Niliona chuma kikishuka kulekule, nikaona stima ikimfuata pacha wake, ikimtoa roho kama ilivyomtoa binamu yangu, bila tone la damu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimlaza mtoto juu ya mto wenye kisu chake, nikajitanda leso mbili, nikafungua mlango wa uani. Jua lilinipiga usoni nikataka kuanguka.

Mume wangu alikuwa anamwaga maji ya bahari kwenye chuma, maana chumvi huisaidia stima kuingia. Kutoka barabarani, ambako mtaalamu alikaa na mashine yake, pasipoonekana kwetu, kipenga kikalia. Nilishajua maana yake kwa maelezo ya mezani: simameni mbali, nakaribia kupiga stima. Mume wangu akavuta pumzi ajibu "Tayari!" Nikakishika kile chuma kwa mikono miwili.

Sikuwa shujaa, watu wasinisifu bure. Nilikuwa naogopa kufa, na naogopa zaidi kubaki. Nikaona kama itakuja, bora inianze mimi.

"Bado!" mume wangu akapiga kelele, sauti yake imepasuka. "Bado! Msipige! Kuna mtu!"

Alinitoa mikono kwenye chuma, kidole kimoja kimoja. Mzazi, nje, juani, leso imeanguka kichwa wazi, mbele ya wanaume wa kazi. Sidhani kama aliwahi kuogopa vile maishani mwake.

"Una nini, mke wangu? Mtoto yuko wapi?"

Nitamwambiaje? Siri ile si ya wanaume. "Si hapa," nikasema. "Popote, lakini si hapa."

Hakuuliza. Mwanamume mwenye akili hamhoji mzazi aliyetoka mbio na macho yamemtoka. Akanirudisha ndani, akafunga mlango. Nikamsikia akiking'oa chuma, akazunguka nyumba mpaka upande wa mbele. Nikamsikia akiwaambia wenziwe, kwa furaha, kwamba hapa penye mnazi mchanga udongo ni laini zaidi, nyundo haitapata taabu. Nikamkumbatia mwanangu nikacheka na kulia pamoja. Kipenga kikalia. "Tayari!" Wakapiga. Nikasema alhamdulillahi.

Mavyaa wangu alirudi wamekwisha kukunja waya. Nilisikia hatua zake zikija kama kawaida, kisha zikasimama mbele ya nyumba, penye mnazi. Akamuuliza mume wangu, polepole, "Nani amekutuma utie chuma hapa?" Mlango ukafunguka, naye akaingia bila hodi wala salamu, yeye ambaye hata kuku aliwapigia hodi. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamfungua nguo zote, akaweka sikio kifuani pake.

"Mama, usiogope," nikamwambia. Nilitaka anisifu. "Nimewazuia. Walitaka kutia stima kule nyuma ya jiko, nikatoka nikawazuia."

Hakuinua sikio. "Kule nyuma ya jiko kuna nini?"

Nikanyoosha kidole kuelekea jikoni.

"Kule," akasema, "nilichimba mfereji wa maji yako ya kuoga."

Tukakaa chini sote wawili, mtoto kati yetu, tukimtazama kifua. Kikipanda, tunangoja kishuke. Kikishuka, tunangoja kipande. Mume wangu alikuja mlangoni na habari njema kwamba maji matamu yameonekana, mengi, na hakuna aliyemgeukia.

Huyo mtoto leo ana wajukuu, na maji ya mabomba ya Tiwi amekunywa maisha yake yote. Akinipigia simu akasema tu kichwa kinamuuma, mimi hukaa chini hapo nilipo, na humwambia asikate simu, anipumulie kidogo nisikie.