Majani Yasiyosalimia

Nilipokuwa mtoto mdomo wangu ulifika kila mahali kabla yangu, ndiyo maana hadi leo sijui Bibi alifikiria nini kunituma mimi. Mama alikuwa amejikata muundi kwa jembe akipalilia kabichi, kidonda kikakataa kufunga. Hospitali ya mjini wakasema kisipopona, mguu utakatwa. Sasa milima yetu hii ya Uluguru, nani ataipanda kwa mguu mmoja?

Bibi akaniagiza majani ya mti wa vidonda, ule unaoota kijitoni. Mchumaji haongei mpaka afike nyumbani. Akisalimu au akijibu, dawa imemfia mkononi.

"Hata shikamoo?" nikauliza.

"Hata shikamoo. Salamu au mguu wa mama yako, chagua."

Nilipokuwa narudi nikawakuta wanawake wanafua. Waliona majani, wakajua sitajibu, basi wakazungumza kana kwamba masikio nimeyaacha nyumbani. Shangazi yangu, dada wa baba kabisa, akasema, "Yule halimi tena. Kaka yangu atafute mwingine mapema."

Jamani. Jibu la kumvua nguo lilinijaa mdomoni kama ugali wa moto. Nikalimeza, machozi yakanitoka, nikapanda mlima.

Bibi aliyaponda, akabandika, na siku zilivyokwenda kidonda kikafunga. Mama alilima mpaka uzeeni, na kabichi zake shangazi alizila. Hilo nimelisimulia kila msiba na kila harusi.

Juzi kaja binti wa chuo, ana glovu na mifuko, shikamoo nyingi. Anataka majani yale, wayajaribu kwenye vidonda vya panya, waone kama yanaponya kweli. Nikamwambia akae barazani, nitamchumia mwenyewe.

Njiani kurudi jirani yangu akaniita. "Shoga, ile ndoa imevunjika, umesikia?" Nami ndoa ile nilikuwa naifuatilia tangu uchumba. Nikapita. Akaona majani, akashusha sauti. "Pole, mwenzangu. Nani anaumwa?"

Ningemwambia ni panya?

Huenda Mama aliponywa na majani peke yake. Wenye chuo watatuambia, na mimi nataka kujua. Lakini kunyamaza ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumpa mtu, na nilimpa Mama. Basi nikaenda kimya hadi barazani, ndoa ya watu ikiniwasha ulimini, nikimwombea panya nisiyemjua.