Ukuta wa Mama Gasketi

Saa moja na nusu asubuhi. Mama Gasketi amekaa juu ya kreti lililopinduliwa mlangoni mwa gereji, mapajani amepakata kifuniko cha chuma kilichofunguliwa kutoka mbele ya injini ya lori. Juu yake ametandaza karatasi nene ya kijivu. Anaigonga kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, na kila nyundo inapopita, karatasi inakatika kwa kufuata ukingo wa chuma. Hana mkasi wala rula.

Mbele yake amesimama mwenye lori, mzee wa miaka sitini na mbili, kiganja wazi kama anayegawiwa njugu. Tundu likitoboka, kidonge cha karatasi kinachotoka anawekewa yeye mkononi.

"Usidondoshe hata kimoja, shemeji," Mama Gasketi anamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yako leo."

Lori lenyewe lina miaka thelathini na tatu. Mwenyewe analiita Bi Mkubwa, maana alilinunua kabla hajaoa. "Mke wangu alilikuta nyumbani," anasema bila haya. Limebeba mchanga na matofali, limesomesha watoto wanne, na sasa limelala wiki tatu kwa kukosa gasketi, kipande hicho cha karatasi kinachokaa kati ya vyuma viwili ili maji na oili visikutane. Vikikutana, injini ndiyo basi tena.

"Nimezunguka duka kwa duka," anasema. "Jibu moja tu: gari hilo halitengenezwi tena. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshakuja mara mbili kulitazama. Na lori jipya, labda niuze nyumba, halafu familia nzima tuhamie humo ndani ya lori."

Mama Gasketi anacheka, lakini hadithi hiyo anaijua. Imeandikwa ukutani kwake. Nyuma ya kreti zimening'inia kwenye misumari nakala za karatasi mia nne na kumi na mbili, moja kwa kila gasketi ngumu aliyowahi kukata, na kila moja ina umri wa gari kwa penseli. Safu za juu, za miaka ishirini na sita iliyopita, zinasema nane, tisa, kumi. Kadiri macho yanavyoshuka, umri unapanda: kumi na tano, ishirini na mbili, thelathini. Magari ambayo viwanda vimeyasahau yamehifadhiwa hapa na mwanamke mmoja mwenye nyundo.

"Zamani gari la miaka kumi tuliliita zee," Mama Gasketi anasema. "Siku hizi la miaka ishirini ndiyo kwanza kijana. Mapya bei haishikiki. Na mtu gari lake anajua hata linavyokohoa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Ni binti wa fundi viatu. Mumewe, fundi injini, alipokwama kwa kukosa gasketi, yeye ndiye aliyechukua nyundo ya baba yake na kujaribu. Leo gasketi moja humpatia bei ya mikate miwili. Siku njema hukata sita. Siku mbaya hukaa akiutazama ukuta wake.

Vidonge vina kisa. Miaka kumi na mbili iliyopita alisahau tundu moja, dogo kama punje ya dengu. Gari la mwalimu likachemka njiani, injini ikafa. "Mwalimu hakunigombeza," anasema. "Heri angenigombeza. Sikula siku mbili." Tangu hapo, mumewe huhesabu matundu ya chuma, mwenye gari huhesabu vidonge, na hesabu zisipokutana hakuna kinachofungwa.

Mumewe, aliyeinamia injini ya lori, anapapasa matundu ya chuma kwa kidole. "Kumi na saba."

Mwenye lori anahesabu kiganjani. Anarudia. "Kumi na sita."

Mwenye lori anainua kiatu kimoja, kisha kingine, akitafuta chini. Mama Gasketi anaipapasa karatasi polepole, sentimita kwa sentimita. Pembeni kabisa, mahali alipodhani hapana tundu, karatasi inabonyea. Ko. Kidonge cha kumi na saba.

"Macho haya, mume wangu," anasema.

"Ndiyo maana tuko watatu," mumewe anamjibu.

Saa sita mchana Bi Mkubwa anawashwa. Anakohoa, anatoa moshi, kisha anatulia na kuunguruma. Nusu saa nzima Mama Gasketi amechuchumaa, anapitisha kitambaa cheupe chini ya injini. Kikavu. Mumewe anachomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi safi, haina tone la maji. Mwenye lori, aliyekuwa na utani tangu asubuhi, anageukia ukutani na kufuta macho kwa mkono wa shati.

Mama Gasketi anatundika nakala ya mia nne na kumi na tatu na kuiandika 33. Amepanga ndani ya miaka miwili azihamishie zote kwenye bati.

"Karatasi inaliwa na mende, na macho yangu yanaaga," anasema. "Bati litabaki. Atakayekuja baada yangu hatahitaji kubahatisha."

Ataanza na bati la gari lipi?

"La Bi Mkubwa. Wale wa chuma chakavu, shemeji, waambie warudi baada ya miaka kumi. Tutawapa vidonge wahesabu."

Lori linatoka getini taratibu. Mwenyewe anaendesha kwa mkono mmoja. Kiganja cha pili bado amekifumba, vidonge kumi na saba ndani yake.