Kibali cha Ng'ombe Wawili

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilijipeleka jela mwenyewe huku nikitabasamu. Ilikuwa miaka ya sabini, nachimba dhahabu Nyarugusu. Askari walipotokea, wenzangu walitimua mbio. Mimi nikasimama kifua mbele, nikatoa karatasi yenye mhuri niliyouziwa na tapeli mmoja. "Mimi nina kibali," nikasema.

Askari akaisoma, akacheka mpaka akaegemea koleo langu. "Hiki ni cha kupeleka ng'ombe wawili mnadani. Wako wapi?"

Nikafungwa mwaka mmoja, Shinyanga. Gerezani kulikuwa na darasa la kisomo, jioni baada ya kulima. Nikagoma. Mfungwa asome ili iweje? Mwalimu alikuwa mfungwa mwenzetu, Mzee Masanja, na chaki yake kipande cha muhogo mkavu. Akanitazama.

"Ng'wana wane, mwanangu, umetembea na ng'ombe mfukoni, hukusikia hata mlio. Kaa chini."

Aibu ilinikalisha. Nyapara alinicheka kila siku. Nikiandika mchangani kwa kijiti, anafuta kwa mguu, naandika tena. Alichoka yeye kwanza.

Nilipotoka, baba alikuwa ameshafariki. Kule nyumbani Masumbwe baba mdogo alinipokea na karatasi, na kidau cha wino kando yake.

"Tia dole, mwanangu. Ni mambo ya matanga tu."

Nikaisoma kwa sauti mbele ya wazee, nikikwama kila neno. Ilisema nimempa shamba letu, mahali lilipo kaburi la mama. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani: jasho lilimtoka baba mdogo.

"Nani kakufundisha kusoma?"

"Wafungwa," nikamjibu, na karatasi yake nikaichana.

Shamba hili tunalokula ndilo lile. Halafu leo nawasikia humu ndani mkisema kumpelekea kaka yako daftari gerezani ni kutwanga maji kwenye kinu! Nani kasema? Alikosa, na adhabu anaitumikia. Hakimu alimhukumu kifungo, hakumhukumu ujinga. Usitie dole kwenye usichokisoma, mwanangu, wala usimnyime kusoma aliye chini, kwa kuwa huko ndiko watu hukanyagwa.

Jumapili tunakwenda kumwona, wewe na mimi. Wewe beba sabuni, daftari nitabeba mwenyewe, na atakayecheka njiani acha acheke. Mungu akupe macho ya kusoma, na shingo ngumu kama hii yangu.