Mvinyo Mweupe wa Delvina

Siku Delvina alipoolewa kwa akina Paccapelo, baba mkwe wake alimwagia waridi mvinyo aliokuja nao. Tulikuwepo, tuliona. Binti alitoka kwao Ancona, mji wa bandari, na chupa za mvinyo mweupe, zawadi ya baba yake aliyekuwa na meza ya samaki sokoni. Mzee Settimio akaonja kidogo, akakunja uso, akainuka taratibu na bilauri yake mpaka kwenye ua la waridi kando ya mlango.

"Haya maua yana kiu," akasema. "Sisi hapa tunakunywa mvinyo."

Wageni wakacheka. Nazzareno, bwana harusi, alitamani ardhi immeze. Delvina hakununa wala hakulia. Alijifuta mdomo, akasema, "Baba, waridi likilewa usiku huu, ni wewe utakayelibeba kulilaza."

Basi hapo hata Settimio alishindwa kuficha meno.

Shamba lao liko mgongoni mwa mlima Conero, na mimi nakaa ng'ambo ya barabara tu. Ukiinua kichwa kule unaiona bahari yote, lakini Settimio aliipa kisogo maisha yake yote. Alilima zabibu nyekundu, kama baba yake. Mvinyo wake ulikuwa mzito, wenye ukakasi wa kukunja ulimi, na mbele ya nyama haukuwa na mpinzani. Ulipoletewa mwanakondoo wa kuchoma, au ile lasanya yetu, tambi pana zilizopangwa kwa tabaka na firigisi na maini ya kuku, yale mafuta yaliulainisha ukakasi, nao mvinyo ukayasuuza mafuta, ukajikuta unataka tonge jingine kama vile hujala kitu. Delvina mwenyewe alilikiri hilo tangu wiki ya kwanza. Shida ni kwamba mzee aliunywa huo huo kwa kila kitu. Supu, mwekundu. Mayai, mwekundu. Samaki, ambaye kabla ya Delvina hakuingia nyumba ile isipokuwa Ijumaa, naye mwekundu.

Chini ya barabara walikuwa na kipande cha shamba kilichotazama kaskazini. Jua lilikiacha mapema, zabibu nyekundu hazikuiva pale, zikaishia kuwa siki. Delvina alikiona akakipenda. Akamfuata mzee jikoni.

"Baba, nipe kile kipande nipande Verdicchio. Zabibu nyeupe zitapapenda pale, pana ubaridi."

"Nyeupe? Hayo ni maji ya kuoshea miguu, mwanangu."

"Basi nipe nioshe miguu."

Settimio akacheka mpaka akakohoa. "Sikiliza, binti wa samaki. Siku utakayonikuta nakunywa mvinyo mweupe kwa hiari yangu mwenyewe, bila mtu kunishikia bunduki, kipande kile chako."

"Nipe mkono."

Wakapeana mikono juu ya beseni la vyombo.

Delvina hakubishana tena. Alipika. Baba yake alimletea samaki kwa basi, ndani ya sanduku la barafu, na dereva akalalamika harufu mpaka akaanza kupewa sahani yake. Delvina alikaanga dagaa wabichi kwa unga kidogo na chumvi. Alijaza ngisi kwa mkate na majani ya kitunguu saumu. Mezani aliweka chupa mbili, mweupe kutoka kwa rafiki wa baba yake, na mwekundu wa nyumbani, halafu akakaa kama hana habari. Settimio alikula mpaka akaifuta sahani kwa mkate. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye mwekundu tu. Akipiga funda baada ya samaki, jicho moja lilifumba lenyewe.

"Vipi, Baba?"

"Safi kabisa."

"Mbona jicho?"

"Moshi wa jiko."

Jiko lao lilikuwa la gesi.

Hivyo ndivyo ulivyopita msimu wote wa baridi. Nazzareno alimwomba mkewe aache. "Huyu mzee atakufa akiwa ameshikilia neno lake," alimwambia. Delvina akamjibu kwamba afadhali, atakuwa amekula vizuri.

Mwezi wa sita kome wa kwanza walitoka kwenye miamba ya Portonovo, ufukweni chini ya mlima, wale wanaojiotea wenyewe, wadogo na watamu kuliko wa kufugwa. Delvina alinunua kapu zima. Alikuwa amewapika kwa mafuta ya zeituni, pilipili manga na ndimu, akaacha sufuria mezani imefunikwa, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya Ekaristi na kijiji chote kilikuwa kwenye maandamano ya padri. Settimio hakwenda. Alisema goti linamsumbua.

Tulipofika kona ya kanisa, mvua ikashuka. Delvina alikuwa ameacha nguo kambani nyumbani, akanishika mkono tukarudi mbio, viatu mkononi. Tukaingia kwa mlango wa nyuma.

Mzee alikuwa amekaa na fulana, mikono ya mafuta hadi kwenye viwiko, maganda ya kome yamejaa mbele yake kama kifusi. Pembeni, chupa ya mvinyo mweupe, inatoka jasho la baridi, imebaki nusu.

"Baba," Delvina akaita.

Hakugeuka. "Goti linauma sana."

"Naona unalitibu."

"Mwekundu umekwisha."

"Mapipa yamejaa kule chini."

"Ngazi, mwanangu. Goti."

Ndipo akaniona mimi. "Na huyu mbea wa ng'ambo amefuata nini?"

"Natafuta ile bunduki, mzee," nikamwambia. "Iko wapi?"

Akatutazama kwa zamu. Akaiangalia chupa. Halafu akaupiga ubao wa meza kwa kiganja. "Mwekundu na hawa kome ni sawa na kulamba ufunguo wa chuma wa kanisa! Msimu mzima nimelamba ufunguo, na wewe shetani umekaa hapo unanitazama!"

Delvina alikaa chini sakafuni kwa kicheko, akiwa amelowa vile vile. Mzee naye akaanza, mabega yakitikisika, mpaka kome akampalia ikabidi nimpige mgongoni. Nguo za kambani zilinyeshewa zote, hakuna aliyezikumbuka.

Kipande akapewa. Settimio mwenyewe ndiye aliyeshika jembe kuchimba mashimo, akinung'unika kwamba anazika heshima ya ukoo.

Mavuno ya kwanza yalikuwa ya aibu. Delvina aliona mawingu akaogopa, akachuma zabibu kabla ya wakati, na mvinyo ukatoka mkali wa kung'oa meno. Alijifungia ghalani kule chini kwenye mapipa, hakutaka kuonana na mtu. Tulidhani Settimio atatangazia kijiji kizima. Kumbe alishuka ngazi zile na goti lake, akanywa bilauri nzima bila kufumba jicho, akamwambia, "Uliogopa mvua. Mimi pia niliogopa mvua, mwaka aliozaliwa Nazzareno. Tulikunywa siki mwaka mzima." Mwaka uliofuata walisimama wote wawili kwenye mistari ya mizabibu, wakitafuna punje na kutema mbegu, mmoja akisema leo, mwingine akisema bado. Wakasubiri. Ukatoka mvinyo wenye rangi ya majani makavu, wenye uchachu wa kuamsha mate na ladha ya lozi mwishoni, na watu wakaanza kupanda kutoka mjini siku za Jumapili kuufuata, pamoja na sahani za Delvina.

Hapo sasa ndipo Delvina alipoharibika kichwa. Samaki mweupe, nyama mwekundu, hataki kusikia lingine. Aliwahi kumnyang'anya daktari wa meno bilauri mkononi. "Weka chini, unatesa samaki wangu!" Wageni wengine walimwogopa.

Aliyemtibu ni Settimio. Mkesha wa Krismasi Delvina alikuwa kitandani na mtoto mchanga, Rosalba. Mzee akasema chakula atapika yeye, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nyumba ijengwe. Alichukua samaki mkavu aliyelowekwa, akampanga na viazi, nyanya na mafuta ya zeituni bila huruma, akamwacha achemke polepole mchana kutwa, na yeye kando yake akimsemesha kama ng'ombe anayezaa. Kisha akachukua mwekundu wa mwaka ule ule, mchanga, mwepesi, akauweka dirishani nje upoe kwa theluji. Akapeleka vyote chumbani.

"Baba! Huyo ni samaki!"

"Mimi nimefika zamani ulikosimama wewe. Funga mdomo. Yaani fungua, onja."

Akaonja. Zile nyanya na mafuta vilikuwa na uzito wa nyama, na mvinyo ule mchanga, wa baridi, haukuwa na ukakasi wa kugombana na mtu. Delvina akachukua tonge la pili.

"Haya, sema," mzee akamhimiza.

"Baba, lete chupa yote."

Tangu hapo hakumnyang'anya mtu bilauri. Akipata mgeni mbishi humwekea zote mbili mbele na kumwambia, "Jaribu hii, jaribu na ile, halafu njoo jikoni unigombeze."

Settimio aliishi kufika tisini na kitu. Miaka yake ya mwisho alikaa mezani na wageni, akiwaeleza jinsi yeye alivyobuni kupanda zabibu nyeupe chini ya barabara, na jinsi familia nzima ilivyompinga. Delvina, akipita na masinia, alikuwa akiitikia, "Kweli kabisa, tulimpinga sana."

Alipofariki tulimzika asubuhi, na mchana Delvina akatulisha sungura wa kuokwa kwa majani yenye harufu ya shamari. Nazzareno akauliza afungue mvinyo gani, maana sungura yule anakubali aina zote mbili. Wakafungua zote. Mtu mmoja akaanza kusimulia habari za mzee, mwingine akamsahihisha, wa tatu akaanza kuimba, na kelele ikafika kanisani. Padri akaja na kofia mkononi, akasimama mlangoni akiuliza kwa upole kama huu ni msiba au harusi.

Delvina akasogea kwenye benchi, akamwekea sahani. "Kaa kwanza, padri," akasema. "Kinapoa."